Kwa Mama Presha, Aliyepeleka Kipimo Saluni

Mama, mwaka umetimia sasa tangu ulipotutoka, na bado tukisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa tunageuza shingo.

Uliuguza watu wodini hadi ukastaafu, lakini kupumzika hukukujua. Ulisema, "Watu wetu hawana muda wa kupanga foleni kliniki. Ila mwanamke akishakaa kusukwa, haendi popote." Basi ukazunguka saluni baada ya saluni, ukiwafundisha wasusi kupima presha. Gharama ya vipimo na dawa ukaiingiza kwenye bei ya kusuka: waliotaka rasta za kufika kiunoni waliwalipia wasio na kitu, na dawa mkazinunua kwa jumla. Wauguzi wenzako walicheka. Ukawajibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ukaendelea na safari. Mtaa mzima ukakuita Mama Presha, nawe ukaitika kwa madaha.

Tunakumbuka ulivyotusema tukiongeza chumvi mezani. Siri hukuwa nayo. Hata ukinong'ona, jirani alisikia. Nyumba imepoa, Mama. Tumekukosa mno.

Baba ndiye aliyetutia hofu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimpima, huku mkitaniana. Ulipoondoka alikataa kushikwa mkono na mtu mwingine, dawa akaziacha, na kichwa kikawa kinamuuma kila asubuhi. Tulimsihi aende saluni. "Mimi na upara huu nikasukwe nini?" alijibu, na hakuwa akitania. Tuliogopa kuwapoteza nyote wawili.

Mwezi uliopita msusi wako wa kwanza alikuja hapa nyumbani. "Shemeji, inuka twende," alimwambia. "Dada angekuwepo angenigombeza mimi, si wewe." Baba akainuka. Akaketi katikati ya akina mama waliosukwa nusu kichwa, na mkanda wa kipimo ulipombana mkono akalia mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Presha ilikuwa juu sana. Siku hiyohiyo akarudi kwenye dawa.

Sasa huenda mwenyewe, bila kusukumwa. Akirudi husimama jikoni, hutaja vipimo vyake kwa sauti, halafu husubiri kidogo.

Unakumbukwa na mumeo. Sisi wanao, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Wakwe na wajukuu zako. Mawifi na mashemeji. Pamoja na wasusi wako wote.

Daima uko nasi, Mama, na kukusahau hatuwezi.