Kioo cha nyuma cha dekapotable

Goma, Jumamosi

Tangu nimalize shule ninaogopa kumwambia Papa kwamba nataka kufanya kazi naye garaji. Leo ameniachia nisafishe dekapotable ya citoyen mmoja, mteja wa mtaa wa Mapendo, gari lenye paa la turubai linalokunjwa. Kioo chake cha nyuma ni cha plastiki. Mwenye gari alikisugua kwa unga wa mawe ya volkano, kama sufuria, kikawa cheupe kabisa, hakionyeshi kitu.

Nilipaka dawa ya meno, nikasugua polepole kwa kitambaa laini. Niliogopa kukipasua.

"Weye mutoto, gari yangu inapiga mswaki?" citoyen alicheka. Niliendelea kusugua.

Niliposuuza, alimwona mkewe, aliyekuja naye, upande wa pili wa kioo, anamtolea ulimi.

Papa alisema tu: "Jumatatu uvae koti yangu ya kazi."

Sikungoja Jumatatu, nimelivaa leo; mikono ya koti inapita vidole vyangu. Bado sijalivua.