Lenzi ya Kupigia Majaruba ya Baba

Kamisawa, 23 Mei

Dada Fusae mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za huko Sendai? Na shemeji, bado anakula chumvi kwa kujificha? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Barua hii naiandika mara ya nne, tatu nimezichana, kwa hiyo mwandiko ukipinda nisamehe.

Uliniuliza mambo mawili: kama nimepata lenzi, na kama Baba bado anaweza kuishi peke yake huku kijijini. Nianze na lenzi, maana ndiyo rahisi.

Rahisi gani! Wiki tatu nzima nilikuwa nikienda na kurudi kwa mzee Tadokoro, yule muuza kamera kuukuu wa Tokyo. Ukichukua lenzi pana, majaruba yote ya mpunga yanaingia, kuanzia miguuni pako hadi bondeni, lakini mlima unageuka kichuguu. Ukichukua ndefu, mlima unakujia mpaka puani, ila majaruba unayakatakata. Nikanunua pana, nikairudisha. Nikachukua ndefu, nayo nikairudisha. Mzee Tadokoro akaniuliza mbele ya wateja kama nanunua lenzi au natafuta mchumba, maana hata mchumba mtu hamrudishi kwao mara mbili kwa wiki. Watu wakaangua kicheko. Nikaibeba ile ndefu kwa hasira tu, nikatoka.

Haraka yangu unaijua. Maji hukaa wazi majarubani siku chache tu, kabla miche haijashamiri na kuyafunika, na siku hizo mbingu yote unaiona chini. Basi tarehe kumi na tisa nikapanda treni. Baba akanipokea kwa chai na figili za kuchachua, akanisimanga kwamba nimekonda kama ufito, kisha akaenda zake shambani. Mimi nikapanda kilima cha ng'ambo, nikasimamisha kamera.

Nikamwona Baba kwenye lenzi, karibu kiasi cha kumshika bega. Alikuwa anapanda miche, mgongo umepinda, mstari umenyooka vilevile. Nilifurahi, Dada, nikapiga picha. Ndipo nikagundua kwamba jaruba lile si letu. Ni la mzee Hoshina, jirani, na lilikuwa limekwisha pandwa. Baba alikuwa anaipenyeza miche yetu katikati ya miche ya mwenzake, mmoja mmoja, kwa uangalifu wote.

Nikateremka mbio. Kwenye lenzi alikuwa puani. Kwa miguu ilinichukua karibu nusu saa. Nikamkuta amesimama juu ya tuta, nyumba yetu iko mbele ya macho yake. Akaniinamia kwa adabu, kama mtu anayemsimamisha mpita njia, akaniuliza nyumba ya akina Murayama, yaani sisi wenyewe, iko upande gani. Nikamshika mkono, nikampeleka.

Jioni mzee Hoshina aliing'oa miche ile, akaihamishia kwetu. Niliinama kumwomba radhi mpaka kiuno kikauma. Akasema niache hayo, jirani ni jirani, na kwamba mwaka jana pia aliihamisha vivyo hivyo bila kusema neno. Halafu akaniambia alidhani najua, kwa kuwa mwaka jana nami nilikuwa palepale kilimani na kamera yangu.

Dada, nilijua. Mwaka jana nilimwona Baba penye njia panda ya mfereji, anageuka huku na huku, hajui pa kwenda. Wewe ulipopiga simu nikakwambia yuko ngangari, atatuzika sote. Nilikudanganya. Ukimchukua Baba, hakuna atakayeyatia maji majaruba haya, na picha niliyoihangaikia miaka sita itakuwa basi. Sababu ndiyo hiyo, sina nyingine ya kuipamba. Naona aibu.

Njoo Jumamosi umchukue. Mpaka siku hiyo niko naye, simwachi hata aendapo kunawa. Ila nakusihi usinipigie simu kwanza. Najijua. Ukinipigia, nitakuomba tusubiri mpaka mpunga uive.

Msalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Baba ameuliza habari zako leo asubuhi, na jina lako amelitaja sawasawa.

Mdogo wako,
Shigeki