Msumeno wa Watu Wawili

Jumatatu, 2 Juni

Grisi kwenye beringi. Mkanda nimeukaza. Meno ya msumeno nimeyanoa kwa tupa, redio ikiwa imezimwa. Kisha nimepasua mbao fupi tu, zile ambazo mtu mmoja anazimudu. Ndefu bado zimeegemea ukuta. Ni za mabenchi ya kanisani, kigangoni. Katekista ameulizia tena. Nimemwambia mbao hazijakauka. Zimekauka siku nyingi.

Mchana nimekula ndizi za jana. Sikuzipasha moto.

Jumatano, 4 Juni

Msumeno huu wa meza niliuunda mwenyewe. Mota ilitoka kwenye mashine ya kukobolea kahawa iliyokufa, uso wa meza ni mvule. Hauna kinga juu ya meno. Hauna meza ya nyuma ya kupokelea mbao. Haukuhitaji. Mimi nilisukuma, Koleta mke wangu alipokea upande wa pili. Ndivyo tulivyofanya kazi tangu tuhamie hapa Ijuganyondo.

Mota ikiwaka husikii hata jina lako. Kwa hiyo tuliongea kwa kugonga. Nagonga ubao kwa kidole mara moja: uko tayari? Anagonga mara moja upande wake: sukuma. Akigonga mara mbili nazima. Kaona kifundo, au msumari, au ufa. Hodi yake nilikuwa naipata kwenye kiganja, kupitia ubao. Macho yangu yalikuwa kwenye meno ya msumeno. Sikuwahi kumtazama tukiwa kazini. Jioni, akimenya ndizi, alikuwa akiniambia, leo asubuhi ulikuwa na hasira, baadaye zikaisha. Ilikuwa kweli kila mara. Sikujua anajuaje.

Alifariki Februari. Presha. Nimeandika hilo ili nisiliandike tena.

Bado nagonga. Nagonga, nasubiri, ndipo nasukuma. Mtu akiniona atasema nimerukwa na akili. Hakuna anayeniona.

Jumamosi, 7 Juni

Bukoba mjini. Duka la mashine. Jovina, binti yangu, ametuma fedha toka Mwanza za msumeno mpya tu, kwa hiyo fedha si kisingizio.

Upo. Wa bluu. Una kinga, una reli ya kunyooshea ubao, na meza ya nyuma yenye roli ambazo ubao unateleza juu yake wenyewe. Muuzaji alizungusha roli kwa kidole ili nione. "Huu, mzee, unafanya kazi peke yako kabisa. Huhitaji mtu."

Alisema hivyo kama habari njema. Nilimshukuru. Nikanunua misumari ambayo sina shida nayo, nikarudi nyumbani na bodaboda.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya Misa alikuja dada yangu Georgia, toka Muleba. Ameleta kahawa ya kutafuna kwenye jani kavu la mgomba, kama mgeni. Hakutaka kukaa sebuleni. Tumekaa karakanani, yeye kwenye stuli, mimi juu ya mbao. Ametazama lundo la vumbi la mbao upande wa Koleta. Koleta alikuwa akilipeleka kwenye banda la kuku kila jioni. Sasa linafika magotini.

Akasema alilolijia. "Waitu Projesti, utakatwa mkono humu na nani atakuokota? Funga. Njoo nyumbani, kibanja cha baba na migomba yake kinakungoja." Kisha akajaribu utani. "Au oa basi, upate wa kukupokelea mbao." Alicheka. Nami nilicheka, kwa mdomo.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Narudi, kahawa bado chungu kwenye ulimi. Kufunga na kwenda Muleba. Kununua ule wa bluu. Kuendelea hivi hivi. Nimejaribu kutaka mojawapo. Sitaki chochote. Hata kulala nalala tu kwa kuwa giza limeingia.

Jumanne, 10 Juni

Nilichoka kuzitazama mbao ndefu. Nikaweka stuli upande wa pili ishike ncha ya ubao. Nikawasha. Nikaanza ule wa kwanza, ukaingia robo, nikasimama kidogo kama kawaida. Nikagonga mara moja. Nikasubiri.

Nikasikia hodi. Moja. Kwenye kiganja, safi kabisa. Nikasukuma.

Ni kifundo. Kilikuwa chini ya ubao, upande ambao mimi sioni, na meno yalikuwa yamekifikia. Ubao ulinirudia kwa nguvu zote za mota, ukanipiga chini ya mbavu, ukanitupa kwenye zile mbao nyingine. Stuli ilianguka. Mota ikaendelea kuzunguka. Nililala pale nikitazama bati.

Sikuogopa. Nilikuwa nafikiri: amejibu. Kwa muda ule nilifurahi. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi, huku nimelala chini na msumeno unawaka juu ya kichwa changu.

Jumatano, 11 Juni

Zahanati wamesema mbavu ni nzima. Niliwaambia nimeanguka na baiskeli. Nesi aliangalia ile alama, pana na yenye kona, akaniangalia mimi. Akaandika baiskeli.

Kucheka kunauma. Si hasara.

Ijumaa, 13 Juni

Jovina alipiga simu. Anauliza kila mara kama nimekula. Leo nilikusudia kusema ndiyo, nikamwambia habari ya ubao. Yote. Hata hodi.

Kisha akasema, "Baba, unataka nizike wawili mwaka huu?" Akalia. Nilimsikiliza akilia. Nilitafuta ndani yangu kitu cha kumpa, sikukiona. Nikasema nitanunua ule mpya.

Nimeamua basi. Wa bluu siutaki. Lakini nikibaki na huu wa zamani nitasubiri hodi tena. Na nitaisikia tena. Najijua.

Jumatatu, 16 Juni

Umeletwa. Uko kwenye boksi sebuleni. Sijaufungua.

Jumatano, 18 Juni

Hauna pa kukaa mpaka wa zamani utoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita, akataka mota. Nilimfukuza kwa maneno ambayo Koleta asingeyapenda. Baadaye niliona aibu kidogo. Kidogo tu.

Dada Georgia amepata wazo. Kule Muleba, jirani yake Laurian ameanza useremala nyumbani, yeye na mkewe Editha. Wanapasua kwa msumeno wa mkono. Watu wawili. Nimesema wauchukue, bure. Georgia akauliza, na wewe je, utauleta mwenyewe? Nilikuwa naona uvivu. Nikakubali kwa kuwa kukataa kunahitaji maelezo.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi tumeupakia kwenye pikapu, vijana wa jirani walisaidia. Ulipoondoka ndipo nikaona sakafu. Ni ya udongo. Upande wangu pamebonyea. Upande wa Koleta pia pamebonyea, sehemu mbili, nyembamba, za miguu yake. Nilisimama mlangoni mpaka dereva akapiga honi.

Muleba. Uani kwa Laurian kahawa imeanikwa kila mahali, ikabidi waisogeze. Tukauweka chini ya paa la nyasi, tukaunganisha umeme. Laurian alishika ubao, Editha akaenda upande wa pili. Nikawasha. Papo hapo wakaanza kupigiana kelele. Yeye anasema vuta, mke anasema unasemaje, ubao unakwenda upande. Nikazima.

Nikawafundisha kugonga. Mara moja, tayari. Mara moja, sukuma. Mara mbili, zima. Laurian alielewa upesi. Editha alisema mkono wake hajui auweke wapi. Nikamwambia subiri, nikaenda upande wake nimwonyeshe. Nikashika ncha ya ubao kama Koleta alivyokuwa akishika, kidole gumba juu, vinne chini. Laurian akagonga. Nikamjibu. Akasukuma.

Sijawahi kusimama upande huo. Miaka yote ile, hata mara moja.

Kutoka pale unaona ubao kwa chini, kweli. Lakini unamwona pia anayesukuma. Uso wote uko mbele yako. Yeye hakuoni, macho yake yako kwenye meno. Laurian alikuwa ameng'ata ulimi kama mtoto anayeandika mtihani. Kifundo kilipokaribia nilikiona mapema. Niligonga mara mbili, akazima, akainua uso, akashangaa kunikuta namtazama.

Kumbe Koleta alijua kwa hilo. Asubuhi nina hasira, mchana zimeisha, yote alikuwa akiyasoma. Mimi nilikuwa natazama meno na yeye alikuwa ananitazama mimi.

Nililia. Uani kwa watu, mchana kweupe. Mbavu ziliuma nikashindwa kujizuia. Laurian akasema vumbi hilo, mletee maji. Editha hakusema vumbi. Alikuja akasimama karibu nami, akaushika ubao mahali nilipoushika, kidole gumba juu. "Mpola mpola, Ta Projesti, taratibu. Niache nami nijaribu."

Nikamwachia. Wamepasua mbao zote zilizokuwepo. Walipomaliza alimwambia mumewe ana sura mbaya akifanya kazi. Laurian akabisha. Niliondoka wakibishana.

Georgia aliuliza kama nahamia. Nilimwambia hapana. Nina mabenchi ya watu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimelala sana. Mwili wote unauma, si mbavu tu. Njaa pia. Nimepika ndizi na maharage, nimekula za moto.

Katekista alipita. Nilimwambia ukweli kuhusu mbao. Akasema alijua.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefungua boksi. Fundi umeme alitaka nimwage saruji kwanza sakafu iwe sawa. Nimekataa. Tumeweka vipande vya mbao chini ya miguu ya msumeno, na ile meza ya roli imesimama juu ya mabonde mawili ya Koleta, bila kuyagusa.

Una kelele ndogo. Sikuzoea. Niliweka ubao mrefu wa kwanza, nikagonga mara moja. Nikasubiri. Hakuna kilichorudi. Nikasukuma, ukapita wote, ukateleza kwenye roli, ukasimama wenyewe.

Nilizima nikazunguka kuuchukua. Kabla ya kuuinua nilisimama pale kidogo, nikatazama upande wangu. Ukuta, koti langu kwenye msumari, nafasi tupu.

Nimepasua mbao zote za kigangoni. Jioni nimelizoa lile lundo la vumbi kwa toroli hadi likaisha, nikawatandikia kuku.