Swali la Bi. Pettway

Jumapili, 7 Aprili 2019

Wiki ijayo dada yangu Renita atasimama kanisani kuomba ada ya mwaka wa kwanza wa sheria. Kila mwaka kanisa letu humsomesha mmoja wetu. Ni pesa za samaki wa kukaanga — akina mama huuza sahani kila Jumamosi tangu wakili Pettway afariki. Alikuwa wakili pekee mweusi wilayani. Sasa mtu akifukuzwa kwenye nyumba anaendesha gari saa nzima kumtafuta mwingine.

Renita asipopata, nafasi yake chuoni inapotea Mei mosi. Atarudi kwenye kiwanda cha kuku.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefunga sahani tisini. Vidole vinanuka samaki.

Bi. Pettway, mjane wa wakili, humuuliza kila mwombaji swali moja tu: ukihitimu utarudi kutufanyia kazi miaka mitatu? Wote kumi na mmoja waliosomeshwa walijibu ndiyo. Waliorudi ni wawili, na hakuna wakili kati yao. Hakuna anayelitaja hilo — hata mimi naliandika tu.

Mama kamwambia Renita aseme ndiyo, aketi. Renita akaendelea kupiga pasi blauzi.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika kanisani, nyuma ya bahasha ya sadaka.

Swali limeulizwa. Renita akasema, “Sijui, Bi. Pettway. Natamani kurudi. Lakini siwezi kuahidi nisilolijua, halafu nichukue jasho lenu.”

Shemasi Hosea akasema polepole: “Msaidie, Bwana.” Kwetu hilo huambiwa mhubiri anayezama katikati ya mahubiri. Watu wakacheka chini kwa chini. Mama akainamisha kofia.

Renita hakuketi! Mimi siwezi hata kusimama mbele ya watu kusoma matangazo.

Bi. Pettway akauliza kama basi wale kumi na mmoja walimdanganya.

“Waulize wao, Bibi. Mimi nimejibu langu.”

Sijawahi kumpenda dada yangu hivi.

Bi. Pettway akasema tuimbe kwanza, na wimbo ukiisha, aliyebatizwa na anayetaka Renita apewe pesa, asimame. Haijawahi kufanyika hivyo.

Ubeti wa tatu. Nachungulia viti vyote — watu wanatazama vitabu vya nyimbo wanazozijua kwa moyo. Mama pia.

Nilibatizwa nikiwa na miaka tisa.

Wimbo umeisha. Hakuna aliyesimama. Naweka kalamu —