Pua ya Baba na Pipa la Dirishani

Martillac,
Tarehe 9 Februari.

Mpendwa kaka Guilhem,

Hujambo huko New Zealand? Mgongo umepoa? Natumaini tajiri wako anakamua zabibu zake tu, hakukamui na wewe. Sisi tu wazima, ila mvua haikatiki na mimi situlii. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi.

Mizabibu tumemaliza kuipogoa, hata ile Sémillon kongwe ya babu kwenye changarawe. Paka wako amehamia kwa shangazi Odile na hataki kurudi.

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Jumapili tulikaa kuchagua mapipa ya kuchanganya mvinyo mweupe. Desturi unaijua: glasi moja kwa kila pipa, kila mtu ananusa na kusema ndani au nje, Baba anakuwa wa mwisho. Glasi zako nazo zilimiminwa, Mama akazinywa kwa niaba yako. Tangu augue ile homa, Baba amekuwa akikubali kila tunalosema, nasi tukadhani uzee umemlainisha.

Safari hii shangazi akamchokoza: "Leo anza wewe, bwana! Kila mwaka unatusikiliza weee, halafu unatoa hukumu kama jaji!"

Baba akainua glasi ya pipa la dirishani. Guilhem, ilinuka boksi lililolowa, niliisikia hata kabla sijakaa. Yeye akaitia pua, akafumba macho vilevile kama zamani, akasema, "Safi hii. Ndani."

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Shangazi, na mdomo wake ule usio na breki, akainama akachezea mkate. Kisha mmoja mmoja, sote tukasema: "Ndani."

Mwisho wa mwezi mapipa yanachanganywa. Hilo moja litaharibu mvinyo wote wa mwaka, wa zabibu za Sauvignon na za Sémillon pamoja. Nikisema, nitamvunja moyo Baba. Nikinyamaza, tumekwisha. Mama ananiambia nimwachie Mungu. Nimemjibu Mungu hanusi mapipa, akaninunia. Nakuomba umpigie Baba simu, wewe ndiye anayekusikiliza zaidi.

Niliishia hapo, Baba akaingia jikoni na buti zake za tope, ameshika glasi.

"Unamwandikia kaka yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi mwambie pua yangu haisikii kitu tangu ile homa. Na mwambie nyinyi ni waongo wabovu kabisa."

"Ulijuaje?"

"Odile kanikubalia bila kubisha. Tangu lini?"

Nilicheka, kisha nikalia, naye akanisubiri nimalize. Akanisukumia glasi. "Haya, ninusie." Nikamwambia ni lile la dirishani, halifai. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kulipiga msalaba wa chaki. Alikuwa ameona aibu muda wote huo, maskini, na sisi hatukujua.

Mama anakusalimu, shangazi Odile pia, na paka. Mungu akulinde na akuepushe na ajali za mashine.

Nimemuuliza Baba kama ana neno kwako. Anasema yeye hakuiti, una kazi zako. Ila mwakani hataki Mama anywe glasi zako.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Maylis