Askari Wako Wana Njaa, Bibi

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Shangazi amenipigia simu kutoka Namanyere kunijulisha kwamba homa imeshuka na dawa unazimeza bila ugomvi, ila sahani unaisukuma kama mtu aliyeletewa hati ya kuitwa mahakamani. Nikiwa mhitimu wa baiolojia, nimeona ni wajibu wangu kukuandikia rasmi.

Unakumbuka niliporudi Sumbawanga na shahada yangu, ukaniuliza mbele ya wageni nimesomea nini? Nilisimama. Nilieleza kwamba damuni mna seli za kinga, askari wa mwili, na ndani yao mna mashine ndogondogo, zinazoitwa mitokondria, zinazosaga chakula kiwe nguvu. Nilieleza kwamba askari aliye vitani huchoma sukari harakaharaka, kama moto wa mabua ya mahindi, ilhali yule anayebaki kuikumbuka sura ya adui hutegemea zaidi mitokondria zake, naye huwaka taratibu kama gogo. Wageni walinisikiliza kwa heshima. Wewe ulikuwa unachambua maharage.

“Mume wangu,” ukasema, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, “miaka yote hiyo walikuwa wanakufundisha kwamba mwenye njaa hana nguvu?”

Mgeni mmoja alimwaga chai kwa kicheko. Nilijitetea kwamba yapo mengine, tena mazito. Ukanisogezea ungo, ukasema niyatafute humo.

Sasa nashangaa, Bibi. Jambo ulilolijua kabla yangu ndilo unalolikataa? Askari wako wametoka vitani juzi, na ghala lao ni kinywa chako. Unamwambia Shangazi huna hamu. Wao hawakuomba hamu, wameomba chakula.

Kusema kweli, naogopa. Natumia maneno makubwa kwa sababu yale madogo yananishinda kuandika.

Kwa hiyo nimemwomba Shangazi, anayekusomea haya, akuletee uji wa ulezi sasa hivi. Ukurasa wa pili unahusu msichana mmoja wa Matai ambaye huenda akawa mke mwenzako. Jina lake, ukoo wake na jinsi anavyosonga ugali, yote nimeyaeleza kwa kirefu. Shangazi ameagizwa asiufunue mpaka bakuli liwe tupu.

Kwa unyenyekevu, na hofu ya kutosha,
Mjukuu wako