Tableti Iliyokataa Kulala

Blandine, banange, jamani, uko hapo? Dady, yule fundi mwenzangu Mkongo, amefukuzwa kazi sasa hivi. Mbele ya wateja!

Bosi Oyat alifunika ile tableti yetu mpya, akambandika Dady nayo shavuni. "Imelala?"
"Imelala, afande," Dady akajibu.
"Mbona inachoma?"
Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka.

Inachoma kwa sababu tableti ikilala, kamera haizimwi. Draiva aliyoandika Dady, ile programu ya kuendesha kamera, inasema kamera iko tayari kulala, kumbe bado inakula umeme. Lakini ni Oyat mwenyewe aliyemwambia aitoe sehemu ya kuizima, eti kamera inachelewa kuamka! Nilikuwepo!

Dady akasema hivyo hivyo, kwa upole. Oyat akanigeukia. "Aciro, wewe ulikuwepo. Nilisema?"

Blandine, nikasema hapana. Hapana, afande! Kwa mdomo wangu huu.

Oyat akamwambia, "Rudi Kongo ukalaze mbuzi." Halafu kazi ya Dady akanipa mimi. Nikasema asante!

Dady amekusanya vitu vyake, hajanitukana. Ameniwekea chaja yake mezani. "Baki nayo, dada. Sasa hii tableti ni yako, na kila asubuhi utaikuta imekufa."